Barua ya Wazi kwa Bodi ya Maktaba: Acheni Kuyakata Magazeti ya Kale

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini
Nakala: Mkurugenzi wa Maktaba, Mkuu wa Idara ya Makusanyo Maalumu

YAH: OMBI LA KUSITISHA UKATAJI NA UUZAJI WA MAJALADA YA MAGAZETI YA KARNE YA 17 HADI YA 19, NA KUFUNGULIWA KWA KARAKANA YA UCHAPAJI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima, pamoja na shukrani kwa miaka yote ambayo taasisi mnayoisimamia imewafungulia milango wasomaji wa kila aina. Naandika nikiwa mpiga chapa mstaafu niliyeanza kazi kwa kupanga herufi za risasi kwa mkono, na pia msomaji wa kudumu wa chumba chenu cha magazeti ya kale. Malalamiko haya yalipaswa kuishia mezani kwa Mkurugenzi. Niliyaandika kwanza kwa faragha, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba yamepokelewa. Nikaomba kuonana na idara inayohusika, nikaelezwa kwamba mkataba umeshatiwa saini. Nikaandika tena, na safari hiyo sikujibiwa kabisa. Muda wote huo majalada, yaani magazeti yaliyojalidiwa pamoja kama vitabu, yameendelea kutolewa ghalani na kurudishwa yakiwa marundo ya karatasi zilizofungwa kamba. Jalada likishakatwa haliungiki tena, na ndiyo maana nimeamua kusema hadharani.

Kwa faida ya wale ambao hawajausoma mpango wenu, nitaueleza kama ulivyobandikwa mlangoni. Majalada ya magazeti ya Ulaya na ya makoloni ya Amerika yanakatwa migongo kwa mashine, karatasi zinapitishwa moja moja kwenye mashine ya kupigia picha, kisha zile zinazopendeza zinauzwa kwa wakusanyaji na zilizobaki zinapelekwa kusagwa. Chumba yalimokuwa majalada hayo kitageuzwa ofisi. Karakana ya uchapaji iliyoko ghorofa ya chini imefungwa, na vifaa vyake vimeorodheshwa pamoja na vyuma chakavu.

Sipingi kupiga picha. Ninachopinga ni dhana inayouongoza mpango huu, kwamba gazeti la kale ni maneno yaliyobebwa na karatasi, na kwamba maneno yakishahamishwa karatasi imemaliza kazi yake. Karatasi yenyewe ndiyo shahidi wa namna habari ilivyotengenezwa, ilivyocheleweshwa, ilivyotozwa kodi, ilivyopigwa marufuku na ilivyopita mikononi mwa watu. Hoja zangu ni hizi.

1. Mnakata mahali ambapo hapakupaswa kuguswa

Gazeti la kawaida la karne ya 18 lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara moja ili kupata kurasa nne. Ukurasa wa 1 na wa 4 zilichapwa pamoja upande mmoja, na wa 2 na wa 3 upande wa pili. Mpiga chapa hakuweza kungoja habari zote zifike ndipo aanze kazi, kwa kuwa mtambo wa mbao ulikwenda kwa nguvu za mikono: jozi ya watu waliozoea kazi, mmoja akipaka wino na mwingine akiweka karatasi na kuvuta mkono wa mtambo, ilihesabiwa kutoa karatasi zipatazo 250 kwa saa, tena upande mmoja tu. Nakala 1,000 zilidai saa nne kwa upande wa kwanza na saa nne nyingine kwa upande wa pili. Kwa hiyo alianza na upande wa nje, akaujaza mambo yanayoweza kusubiri, yaani hotuba, barua ndefu, habari za ng'ambo zilizokwisha kupoa na matangazo, kisha upande wa ndani akauacha wazi hadi posta ya mwisho ifike. Ndiyo kusema habari mbichi kuliko zote mara nyingi zilikaa ndani ya mkunjo.

Mashine yenu inapopita mgongoni mwa jalada, inapita juu ya mkunjo huo huo. Karatasi moja inakuwa mbili, na kila moja inaanza maisha yake peke yake sokoni. Matokeo yake yameshaonekana katika maonyesho yenu: kuna ukurasa wa kwanza uliokatwa, umetiwa kwenye fremu, na maelezo yaliyo chini yake yanasema kuwa hizo ndizo zilikuwa habari kuu za siku. Yumkini zilikuwa habari zilizolala kuliko zote katika toleo hilo. Mtu aliyeandika maelezo hayo simlaumu, maana hakuachiwa karatasi nzima ambayo ingemfundisha.

Lipo jambo la pili, nalo halionekani kwenye picha hata ikiwa nzuri namna gani. Karatasi ililoweshwa kidogo siku moja kabla, ili iwe laini na ipokee wino. Wino wenyewe ulitengenezwa kwa masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa hadi kuwa mazito, ukapakwa kwa mipira miwili ya ngozi iliyojazwa sufu. Herufi zilizoyeyushwa kwa risasi, bati na antimoni ziliingia ndani ya karatasi hiyo laini na kuacha mashimo madogo. Elekezeni gazeti la mwaka 1730 kwenye mwanga wa taa ya pembeni, mtaona nyuma ya ukurasa vinundu vya kila mstari. Pitisheni ncha ya kidole, mtavisikia. Herufi iliyopasuka ukingo hurudi na ufa wake ule ule safu hadi safu, wiki hadi wiki, na kwa kuifuatilia mtaalamu anaweza kutambua matbaa iliyochapa gazeti lisilotaja jina la mchapaji. Katika nyakati ambazo kuchapa bila kibali kulimpeleka mtu gerezani, ushahidi wa namna hiyo una uzito wake.

Tena, nakala mbili za toleo moja hazilazimiki kufanana. Kosa lilipoonekana kazi ikiwa inaendelea, mtambo ulisimamishwa, herufi zikabadilishwa, kisha kazi ikaendelea, na karatasi zilizotangulia hazikutupwa kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali. Hivyo nakala yenu inaweza kuwa na neno ambalo nakala ya maktaba nyingine haina.

2. Picha zenu zinaacha nje mambo ambayo ndiyo yangetafutwa

Nimezipitia picha ambazo tayari zimewekwa kwenye mtandao wenu. Pambizo zimekatwa. Kurasa tupu zimerukwa. Katika matoleo mengi ukurasa wa mwisho, ambao ndio wa matangazo, haumo kabisa, na nilipouliza niliambiwa kuwa mkandarasi aliagizwa kupiga "habari".

Nianze na kurasa tupu, maana hilo ndilo linaloonekana kuwa dogo. Tarehe 25 Septemba 1690 Benjamin Harris alitoa Boston gazeti liitwalo Publick Occurrences, akiahidi kulitoa mara moja kwa mwezi, au mapema zaidi iwapo matukio yangekuwa mengi. Lilikuwa na kurasa nne, tatu zimechapwa na ya nne imeachwa nyeupe, ili msomaji aweze kuandika habari zake mwenyewe kwa mkono kabla ya kumpelekea jamaa aliye mbali. Siku chache baadaye gavana na baraza lake wakalipiga marufuku, na toleo la pili halikutoka. Sasa fikirini mkandarasi wenu akikabidhiwa gazeti hilo. Angepiga kurasa tatu na kuiruka ya nne, na kwa kufanya hivyo angefuta sehemu inayotuonyesha kwamba mchapaji alimhesabu msomaji kuwa mwenzake katika kupeleka habari.

Matangazo nayo yana uzito kuliko habari nyingi za wafalme na majeshi. Gazeti la Boston News-Letter, lililoanza tarehe 24 Aprili 1704, liliwaalika wasomaji tangu toleo lake la kwanza walete matangazo ya kulipia, yakiwemo ya watumishi waliotoroka. Katika karne yote iliyofuata magazeti ya makoloni yalijaa matangazo ya kuuza watu na ya kuwasaka waliokimbia utumwa. Yaliandikwa na wamiliki kwa nia mbaya, lakini ili mtu akamatwe ilibidi aelezwe: urefu wake, makovu yake, chale za usoni alizotoka nazo kwao, lugha anazosema, kazi anayoijua, nguo aliyoivaa usiku alipoondoka, na pengine jina la ndugu au mwenzi ambaye huenda amemfuata. Kwa wengi wa watu hao, mistari hiyo michache ndiyo maandishi pekee yaliyosalia kueleza kwamba waliishi, na kwamba walikataa. Mara nyingi tangazo lilimalizika kwa kuwataka wenye taarifa wamwone mchapaji, na hapo inaonekana wazi kuwa mwenye matbaa hakuwa mtazamaji tu wa biashara hiyo, alikula humo. Ukurasa wa nne ukiachwa nje, aliyetoroka anafutwa kwa mara ya pili, na mchapaji anapata sifa ya bure.

Kisha kuna mihuri. Mwaka 1712 Bunge la Uingereza lilitoza magazeti kodi ya stempu: nusu peni kwa nusu karatasi, peni moja kwa karatasi nzima, na shilingi moja kwa kila tangazo. Mhuri mwekundu uligongwa kwenye karatasi hata kabla haijachapwa. Wachapaji walisoma sheria kwa makini kuliko walioitunga, wakagundua kwamba chapisho linalozidi karatasi moja lilihesabiwa kuwa kijitabu na kutozwa kidogo. Basi wakayanenepesha magazeti yao hadi karatasi moja na nusu, kurasa sita, wakayajaza hadithi na barua za wasomaji, mpaka mwanya huo ulipozibwa mwaka 1725. Historia hiyo yote inasomwa kwenye ukubwa wa karatasi, namna ilivyokunjwa, na mahali ulipo mhuri. Picha zenu hazina rula, hazina rangi, na mhuri mwekundu unaonekana kama doa jeusi.

Na utafutaji wa maneno ambao mnausifu kwenye tangazo lenu hautoshi kuziba pengo. Mashine inapoikuta s ndefu ya wachapaji wa zamani huisoma kama f, na safu zilizobanana huziunganisha ovyo. Nimetafuta majina ya meli ambazo najua ukurasa zilipo kwa kuwa nimeusoma kwa macho yangu, na mashine ikanijibu kwamba hakuna.

3. Maelezo ya maonyesho yanapotosha

Bango la mlangoni linasema gazeti lilizaliwa na Gutenberg, Mjerumani aliyeanzisha Ulaya uchapaji wa herufi za chuma. Kati ya kazi ya Gutenberg, katikati ya karne ya 15, na gazeti la kwanza lililochapwa kuna takriban miaka 150, na katika miaka hiyo habari zilizotolewa kwa mfululizo ziliandikwa kwa mkono na kupelekwa kwa matajiri walioweza kulipia. Aliyevunja utaratibu huo ni Johann Carolus wa Strasbourg. Alikuwa akinakilisha barua za habari kwa mkono, kisha akapata matbaa, na mwaka 1605 akaamua kuzichapa kwa sababu kunakili kulimchelewesha. Gazeti lake, Relation, lilifuata mwendo wa posta: habari zilipangwa kwa mji zilikotoka na tarehe ya barua iliyozileta, bila vichwa vikubwa na bila maoni. Katika matoleo ya mwaka 1609 Galileo na chombo chake cha kutazamia mbali wanatajwa kwa utulivu ule ule uliotumika kutaja mambo ya majeshi na mabalozi.

Lakini tazameni tumeyajuaje hayo. Matoleo ya Relation ya zamani kuliko yote yaliyosalia ni ya mwaka 1609, na kwa muda mrefu huo ndio uliohesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake. Ule wa 1605 ulipatikana katika karne ya 20, lilipoonekana ombi ambalo Carolus aliliandikia baraza la mji, akitaka wengine wazuiwe kulichapa upya gazeti lake. Baraza lilikataa. Ila karani fulani alilihifadhi ombi lenyewe, na karatasi hiyo iliyokataliwa ndiyo iliyosahihisha historia ya magazeti kwa miaka minne. Mimi, ninayewaandikia wakubwa barua ya malalamiko, siwezi kuacha kulitaja hilo.

Niongeze mfano mmoja wa uungwana ambao ningependa uwekwe kwenye bango badala ya Gutenberg. Gazeti la zamani kuliko yote yaliyosalia kwa Kiingereza lilichapwa Amsterdam na Pieter van den Keere, na ni la tarehe 2 Desemba 1620. Linaanza kwa kuwaambia wasomaji kwamba habari za Italia bado hazijafika.

4. Kufungwa kwa karakana

Mtambo wa mkono, visanduku vya herufi na meza ya kupangia vilivyokuwa ghorofa ya chini havikuwekwa pale kuwa pambo. Kijana aliyepanga mistari kumi kwa mkono, herufi zikiwa zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo, anasoma magazeti ya kale kwa macho mengine: anajua kwa nini neno limefupishwa mwishoni mwa safu, kwa nini wino umefifia kona moja, kwa nini herufi n na u zimebadilishana. Anaelewa pia udogo wa mahali palipowatia hofu watawala. John Peter Zenger wa New York alikamatwa Novemba 1734 kwa yale ambayo gazeti lake lilimwandika gavana; akiwa gerezani mke wake Anna aliendelea kulitoa, hadi Agosti 1735 jopo la raia walioapishwa lilipomwona hana hatia. Vifaa walivyokuwa navyo havikupishana sana na hivyo mlivyoviorodhesha kuwa vyuma chakavu.

Na mchapaji alijua kuvitumia kusema bila maneno. Tarehe 31 Oktoba 1765, siku moja kabla ya sheria ya stempu kuanza kutumika katika makoloni, William Bradford wa Philadelphia alilipanga gazeti lake la Pennsylvania Journal katika umbo la jiwe la kaburi, kwa mistari minene myeusi na fuvu la kichwa. Mwanafunzi aliyeshika vipande vya chuma vinavyochapa mistari hiyo haelezwi zaidi. Herufi zenu zikiyeyushwa, hakuna matbaa ya biashara siku hizi itakayowapa nyingine.

5. Hakuna orodha

Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji maelezo. Majalada yamekatwa bila kuandikwa ni matoleo gani yalikuwamo, yalipangwaje, nani aliyajalidi, na yalifikaje kwenu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. George Thomason, muuza vitabu wa London, alikusanya vijitabu na magazeti zaidi ya 22,000 kati ya 1640 na 1661, katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nyingi aliziandika kwa kalamu tarehe aliyozipata. Tarehe hizo za mkono zinawawezesha wanahistoria kufuata mfululizo wa mambo karibu siku kwa siku. Baadhi ya majalada yenu nayo yalikuwa na maandishi ya wasomaji pambizoni. Niliyaona. Sasa sijui nimwulize nani yalipo.

Najua majibu ambayo huenda mkanipa, na kwa heshima nitayapitia.

Mtasema karatasi inaoza yenyewe, hivyo bora kuipiga picha na kuachana nayo. Hoja hiyo ina ukweli kwa magazeti ya nusu ya pili ya karne ya 19 na kuendelea, yaliyochapwa kwenye karatasi ya mbao, ambayo ina asidi, hugeuka hudhurungi na kuvunjika ikikunjwa. Lakini magazeti ya karne ya 17 na 18 yalichapwa kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa matambara ya kitani, na nyingi zingali imara na zinapinda bila kupasuka. Mpango wenu umeyaweka yote katika kapu moja. Ajabu ni kwamba yaliyo imara ndiyo yaliyoanza kukatwa, nadhani kwa kuwa yanauzika.

Mtasema bila kukata haiwezekani kupata picha nzuri. Inawezekana. Vipo vitegemeo vyenye umbo la V vinavyolibeba jalada likiwa nusu wazi huku kamera mbili zikipiga kutoka juu. Kazi huenda polepole zaidi na hugharimu zaidi, hilo sikatai, lakini kulikata jalada ili kulihifadhi ni kumchinja ng'ombe ili kumpima uzito.

Mtasema maktaba nyingine zinazo nakala. Gazeti la zamani kuliko yote yaliyosalia ya Amsterdam, la mwaka 1618, limehifadhiwa Stockholm. Relation ya mwaka 1609 iko Heidelberg, wala si Strasbourg. Nakala pekee inayojulikana ya Publick Occurrences iko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza mjini London, bahari nzima kutoka Boston. Hakuna aliyepanga yasalie hapo. Yamesalia kwa sababu kila mahali hapo kuna mtu ambaye hakutupa. Ikiwa kila maktaba itategemea nyingine, hatutajua nani alikuwa wa mwisho mpaka tuchelewe. Zipo maktaba kubwa zilizouza magazeti yao halisi baada ya kuyapiga filamu ndogo katika karne ya 20, kisha wasomaji wakakuta filamu zina kurasa zilizorukwa na nyingine zisizosomeka, na asilia haipo tena ya kurudia.

Mtasema wasomaji wa magazeti hayo ni wachache. Ni kweli, chumba chetu hakijai. Ila wasomaji wa gazeti la kale hawakuhesabiwa kwa vichwa vilivyolinunua. Mwaka 1711 Joseph Addison, mwandishi wa Uingereza, alikadiria kuwa kila nakala ya gazeti lake ilisomwa na watu ishirini, na katika nyumba za kahawa na vilabu nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu ambao wengine hawakujua kusoma. Mtafiti mmoja anayekaa chumbani kwenu wiki nzima hutoka na kitabu au somo linalowafikia watu ambao hawatakanyaga mlango wenu kamwe. Kuhesabu saini za daftari la wageni hakutoshi.

Kuhusu nafasi na fedha sitajifanya mjuzi wa bajeti yenu. Nasema tu kwamba ukosefu wa nafasi ni sababu ya kuhamishia majalada kwingine, na hakuna mahali katika tangazo lenu panapoonyesha kuwa jambo hilo lilifikiriwa.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu lakini bila kuficha, naomba Bodi ifanye yafuatayo:

(a) Isitishe mara moja ukataji wa majalada na uuzaji wa karatasi, hata kama mkataba umeshasainiwa, hadi kikao chake kijacho kitakapolijadili suala hili wasomaji wakiwapo.

(b) Itoe hadharani orodha ya majalada yaliyokwisha kukatwa, yaliyouzwa na yaliyosagwa, pamoja na yale yaliyosalia.

(c) Karatasi zilizokatwa ambazo bado zipo zirudishwe katika mpangilio wa matoleo yake, zitiwe kwenye makasha yasiyo na asidi, na zisiuzwe.

(d) Magazeti ya karatasi ya matambara yatenganishwe na ya karatasi ya mbao, na kila kundi lipewe utaratibu wake wa uhifadhi.

(e) Picha zirudiwe pale inapowezekana, kwa rangi, pamoja na rula, pambizo, matangazo na kurasa tupu, na kila picha ieleze nakala iliyopigwa ni ipi.

(f) Karakana ifunguliwe, au vifaa vyake vikabidhiwe kwa chuo au kikundi kitakachovitumia, bila kuyeyusha hata kisanduku kimoja cha herufi.

(g) Bango la mlangoni na maelezo ya fremu ya ukurasa wa kwanza yasahihishwe. Hili halihitaji bajeti wala kikao.

Kuhusu kipengele cha (d), niko tayari kufanya kazi hiyo ya kutenganisha bila malipo, pamoja na wapiga chapa wenzangu wastaafu wanaojua karatasi kwa kuishika. Kuhusu cha (f), tuko tayari pia kuwafundisha vijana watakaotaka. Nitaiomba ofisi ya Mkurugenzi jibu la maandishi kwa kila kipengele, na nitalichapisha kama lilivyo, bila kupunguza neno.

Wenu katika utii,

Mpiga chapa mstaafu na msomaji wa chumba cha magazeti ya kale